Mbwa wa Pori kwenye Etaji

Katika vijitabu vya chama chetu tumesoma mengi juu ya mahari, matanga, ngoma, majina ya mapacha na mambo ya ujomba. Juu ya mbwa sijasoma hata mstari mmoja. Inashangaza kidogo, kwa sababu wazee wetu wa pori waliishi na mbwa kila siku, walikula nyama kwa jasho la mbwa, na kesi nyingi za kijiji zilianzia kwa mbwa. Mimi nafikiri tumemwacha nyuma kwa sababu ya haya. Mtu akisha kufika mjini na kuvaa kiatu cha ngozi, hapendi tena kusema kwamba kwao kulikuwa mbwa wa kuwinda wanaolala karibu na moto pamoja na watu.

Basi nitaanza na swali ambalo vijana wa shule wananiuliza mara kwa mara. «Yaya, ninapanga chumba kimoja kwenye etaji. Nataka imbwa ndogo. Nikamate ya namna gani?» Wananiuliza mimi kwa sababu wanajua kwamba nilisoma Kisangani tangu 2008 mpaka 2013, na kwamba katika miaka ile nilikaa na mbwa kwenye etaji ya pili, katika komini ya Makiso, ndani ya jengo la zamani la wakati wa Wabeleji. Tulikuwa wawili chumbani, mimi na mwenzangu mmoja wa Isangi. Maji tulipandisha kwa bido. Moto wa umeme ulikuja ulipopenda.

Sababu ya kutaka mbwa ilikuwa moja tu mwanzoni: panya. Mtu asiyekaa katika majengo yale hawezi kuelewa. Panya wa pale hawakuogopa taa, hawakuogopa fagio, na walipenda karatasi kuliko unga. Walikula silabusi ya mwenzangu kutoka ukurasa wa kwanza mpaka katikati, na silabusi tulinunua kwa feza. Kiisha kulikuwa wezi wa nguo kwenye balkoni. Na kiisha kulikuwa jambo ambalo kijana hasemi: mtu aliyekulia kijijini, akisikia usiku hakuna mnyama anayepumua ndani ya nyumba, usingizi unakuwa mwepesi.

Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja mjane, mwenye heshima na maneno machache. Nilipomwomba ruhusa alinijibu hivi: «Sikatali. Lakini makelele, hapana. Uchafu kwenye ngazi, hapana. Na mtoto ya mutu akiumwa na ile imbwa yako, siku ile ile unatoka na vitu vyako.» Garanti ya miezi sita nilikuwa nimelipa kwa shida kubwa, nusu yake ikitoka kwa wajomba zangu. Kwa hiyo kuchagua mbwa haikuwa mchezo wa kijana. Nikichagua vibaya, ninapoteza chumba, na kwa bei za wakati ule kupoteza chumba kulikuwa sawa na kupoteza mwaka wa masomo.

Watu walinishauri mbwa wa wazungu. Kulikuwa familia moja ya wageni iliyokuwa ikirudi Ulaya, wakatafuta mtu wa kumwachia kaniche wao mweupe. Kweli kaniche ni mbwa wa akili sana, pengine kupita wengine wote wadogo, na yule wa kimo kidogo ana sentimita 28 mpaka 35 tu begani. Lakini manyoya yake hayaachi kukua, ni kama nywele za mtu. Kila baada ya wiki sita hivi lazima anyolewe, kama sivyo yanajifunga mafundo na ngozi inaoza chini yake. Wakati ule kinyozi wa mbwa sikumwona Kisangani. Na mimi mwenyewe nilinyolewa kwa deni.

Wengine walinitajia mbwa wa pua bapa, kama Pekinois. Huyo anakubali kweli kukaa ndani, hatafuti kukimbia, anaweza kulala mchana kutwa. Lakini mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, anapoza damu kwa kuhema na ulimi nje. Sasa mwenye pua iliyobanwa anahema vibaya, na joto la Kisangani lenye maji ndani yake linamtesa. Chihuahua naye ni mdogo kabisa, hafiki kilo 3, unaweza kumtia ndani ya mfuko wa kaunda. Ila mguu wake ni kijiti: akiruka kutoka kitandani vibaya, umevunjika. Tena analia kwa kila hatua anayosikia kwenye ngazi, na ngazi yetu ilipitwa na watu tangu alfajiri mpaka usiku. Wale mbwa wa Kiingereza wa kuingia ndani ya shimo la mbweha, Jack Russell, wangemaliza panya kwa wiki moja. Wangemaliza na uvumilivu wa mama mjane pia, kwa sababu kubweka ni kazi waliyozaliwa nayo.

Ndipo nikaona kwamba udogo wenyewe si kitu cha kwanza cha kuangalia. Uliza kwanza sauti, halafu manyoya, halafu pua, halafu kazi ambayo wazazi wa mbwa yule walifanya tangu zamani. Kimo kinakuja nyuma. Na nilipopanga mambo yote kwa namna hiyo, mbwa aliyebaki mbele yangu alikuwa yule niliyemjua tangu mtoto, mbwa wa kijiji cha mjomba, upande wa Bafwasende, kwenye barabara ya Ituri.

Wasomaji wa pori wanamjua bila kuambiwa. Masikio yamesimama, kipaji kina mikunjo kama cha mzee anayefikiri, mkia umejikunja juu ya mgongo kama bangili. Mwekundu mwenye kifua cheupe na soksi nyeupe, au mweusi na mweupe, au mwenye milia iliyofifia. Ana sentimita 40 na kidogo begani, na kilo 10 au 11 akishiba. Manyoya yake ni mafupi, na anajilamba mwili mzima kama paka, kwa hiyo hanuki. Na habweki kama mbwa wengine. Koromeo lake limeumbwa kwa namna nyingine. Anaweza kutoa mlio mmoja mfupi, basi. Akifurahi anaimba, sauti inapanda na kushuka kama mtu anayejaribu wimbo bila maneno.

Huyo ndiye wazungu wanamwita Basenji, na jina hilo lina historia ya kuumiza kidogo. «Mshenzi» ni neno ambalo watu wa misafara ya pwani waliwaita watu wa bara. Wakati wa ukoloni likageuka kuwa basenji, ndiyo kusema watu wa kijiji, wasiostaarabika. Mbwa wetu akaitwa mbwa wa basenji, na hapo wazungu wakamchukua na jina lake la tusi, wakaliandika katika vitabu vyao. Wa kwanza kupelekwa Uingereza walionyeshwa kule Crufts mwaka wa 1895, wakafa kwa ugonjwa wa kuambukiza ambao miili yao haikuujua. Mwaka wa 1937 mama mmoja Mwingereza, Olivia Burn, aliwaonyesha tena, na watu walijaa kuwaangalia. Katika miaka ya 1940 Marekani nayo ikawaandika kama ukoo halali wa mbwa. Kiisha, kwa sababu mababu wa mbwa hao wa ng'ambo walikuwa wachache sana, ugonjwa wa figo ukaenea ndani ya damu yao. Ndipo mwaka wa 1987 na 1988 Wamarekani wakarudi huku kwetu, wakati ule Zaïre, upande wa kaskazini-mashariki kwa Wazande, kuomba damu mpya katika vijiji. Mwaka wa 1990 walifungua kitabu chao ili kuwaingiza mbwa hao. Ninasema hivi ili kijana wa Makiso ajue: yule mbwa anayemwonea haya, wengine walipanda ndege kumtafuta.

Sasa niseme juu ya kazi yake, maana bila kazi hiyo hutamwelewa. Kwetu tuliwinda kwa nyavu za kamba za kusa. Wanaume walizifunga mti kwa mti, wanawake na watoto walizunguka upande wa pili wakipiga kelele, na mbwa waliingia katikati kuwatoa mboloko ndani ya majani. Kwa kuwa mbwa habweki, anafungwa kengele ya mbao shingoni. Nakumbuka koko yangu akijaza majani ndani ya kengele wakati wa kwenda, ili isilie njiani. Nyavu zikisha kukaa tayari aliyatoa majani kwa kidole kimoja, na toka hapo masikio ya watu wote yalifwata mlio ule. Ukienda haraka, mbwa ameona. Ukisimama mahali pamoja, mnyama amejificha chini ya gogo. Nyama ikigawanywa, mwenye mbwa alipata sehemu yake hata kama alibaki nyumbani na homa.

Majina ya mbwa nayo yalikuwa barua. Koko alikuwa na mmoja jina lake Watasema, na mwingine Unijue Kesho. Akitaka kumjibu jirani bila kugombana alitoka mlangoni jioni akaita mbwa kwa sauti kubwa. Jirani alielewa. Na si kwetu tu mbwa alipewa nafasi kubwa. Kule Kongo ya Chini, Wakongo walichonga mbwa wa vichwa viwili wakamwita Kozo, kwa sababu mbwa anatembea kati ya kijiji cha wazima na kijiji cha wafu, na anaona pande zote mbili.

Nilipokwenda kwa mjomba kuomba mbwa, nilikwenda na moyo mwepesi. Mila zetu zinampa mwipwa nafasi: anaweza kukamata kuku kwa mjomba wake bila kuomba, na mjomba atacheka. Lakini mjomba hakucheka. Alinyamaza muda mrefu, kiisha akasema: «Mwipwa, imbwa si kuku. Kuku unakula, inaisha. Imbwa iko na kizazi. Ile mama yake ililisha mama yako.» Akataka kujua etaji ni kitu gani hasa. Nikamweleza: nyumba juu ya nyumba, na juu yake nyumba nyingine tena. Akauliza: «Na udongo iko wapi?» Nikasema udongo uko chini. Akarudia, «Iko chini», kama mtu anayesikia habari ya matanga.

Tulizungumza siku mbili. Shangazi alikuwa upande wangu, akisema mtoto anasoma, acha awe na kitu cha kwetu karibu naye. Mjomba aliogopa mambo mawili, na nafikiri alikuwa na haki. Kwanza, mbwa wa mbio akifungiwa anaharibika tabia. Pili, mjini kuna mbwa wa kila namna, mabeje ale makubwa ya wazungu na machotara yake, na kizazi kingepotea. Mwishoni alikubali kwa sharti. Nitoe mfuko wa chumvi na panga jipya, kwa sababu mbwa wa kuwinda hatolewi bure, bahati yake inabaki nyuma. Na jike akizaa, mtoto jike wa kwanza arudi kijijini, na baba yake awe mbwa wa pori kama yeye. «Ukishindwa,» mjomba alisema, «usiniambie kwa barua. Kuja mwenyewe.»

Nikachukua jike wa miezi mitatu, mwekundu. Tulisafiri zaidi ya kilomita 250 juu ya mizigo ya lori, siku mbili, kwa hali ya barabara ya wakati ule. Nilimpa jina Mama Chumvi, na kweli mjomba aliposikia jina hilo baadaye alicheka, akaelewa kwamba sijasahau nilicholipa.

Kabla ya yote nilimpeleka kwa daktari wa mifugo. Hapa nawaomba vijana wasikilize vizuri. Mbwa wa kijijini anapofika mjini anakutana na magonjwa mapya, kama wale wa 1895. Na kichaa cha mbwa si hadithi. Dalili zake zikisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ya mbwa inaanza miezi mitatu na inarudiwa kila mwaka, au kama daktari alivyoandika kwenye karte. Mtu akiumwa na mbwa asiyejulikana, oshe kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15 nzima, kiisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Mambo ya kupaka majani ya moto na pilipili, ambayo hata kwetu yanafanywa, tuache. Nilimwonyesha mama mjane ile karte, akaiweka juu ya redio yake kama cheti cha ubatizo.

Panya waliisha kwa muda wa mwezi mmoja na nusu. Hakuna kelele, hakuna harufu. Lakini mjomba alisema kweli juu ya mbio. Mbwa huyu akibaki peke yake tangu asubuhi bila kukimbia kwanza, anatafuta kazi, na kazi ya chumba cha wanafunzi ni viatu na madaftari. Mwenzangu wa Isangi alipoteza sandali mbili, zote za kushoto. Kwa hiyo tulipanga zamu: saa kumi na moja asubuhi, kabla ya watu kujaa barabarani, mmoja wetu anashuka naye kwa kamba mpaka karibu na mto, anakimbia naye nusu saa, kiisha jioni tena. Kamba ni lazima. Akiona kuku hasikii jina lake, na kesi ya kuku mjini inalipwa kwa dola. Mvua ikinyesha alikataa kabisa kuvuka mlango, alituangalia kama sisi ndio tulioileta.

Chakula hakikutushinda. Foufou kidogo, fretini, makombo ya nyama siku ya nyama. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inapasuka vipande vya kuchoma tumbo. Vitunguu pia hapana.

Kitu kimoja kilileta matata. Siku moja tulimfungia ndani kwa sababu ya mtihani, akaanza kulia. Si kubweka. Alilia sauti ya mtu kabisa, ya mtoto anayepigwa. Majirani wa etaji ya kwanza walipanda ngazi na mwiko mkononi, wakigonga mlango, wakisema tufungue haraka tuonyeshe huyo mtoto. Mlinzi wa jengo ndiye aliyefungua kwa ufunguo wa akiba, akawaonyesha Mama Chumvi amekaa juu ya meza na mikunjo yake ya kipaji. Habari hiyo ilizunguka Makiso nzima, lakini tangu hapo watoto wa jengo walikuwa wakija kumwomba aimbe.

Jike wa namna hii anakuja joto mara moja tu kwa mwaka, si mara mbili kama wengine. Kwa mwanafunzi hiyo ni faida kubwa. Kwa mimi mwenye sharti la mjomba, ilikuwa pia saa inayopita polepole. Mwaka wa kwanza alikuwa mdogo bado. Mwaka wa pili madume ya mtaa mzima yalilala mbele ya jengo usiku, pamoja na lile beje kubwa la mfanyabiashara mmoja jirani, ambaye alinitumia ujumbe kwamba watoto wa mbwa wake wanauzwa bei nzuri, tugawane nusu kwa nusu. Pesa hiyo ingelipa minervali. Mwenzangu alihesabu mara tatu kwenye karatasi. Mimi nilibeba Mama Chumvi mikononi kila asubuhi kwa wiki tatu, kushuka ngazi na kupanda ngazi, na tulipita mlango wa nyuma.

Mwaka wa 2012 ndipo nilipata dume wa pori, kwa mwuza nyama ya porini aliyetoka barabara ya Ubundu. Walizaliwa wanne chini ya meza yangu, majike mawili. Mama mjane alipanda mwenyewe kuwaangalia, akahesabu, akauliza kama hao nao watalipa nyumba. Kiisha akaomba dume mmoja kwa ajili ya mjukuu wake.

Yule jike wa kwanza nilimpeleka mwenyewe, kama nilivyoambiwa, akiwa na karte yake ya chanjo. Mjomba alimpokea bila kunisalimia kwanza. Alivuta masikio, akafungua kinywa, akapima mkunjo wa mkia kwa vidole viwili. Akamweka chini juu ya udongo, na mtoto yule wa etaji alisimama pale pale na mguu mmoja juu, kwa sababu hakuwa amekanyaga majani yenye maji hata siku moja. Watoto wa kijiji wakacheka. Mjomba akamtazama kidogo, akaingia ndani, akatoka na kengele ndogo ya mbao, mpya, ambayo ilikuwa imechongwa tayari. Nikamwuliza atamwita nani. Akaangalia upande wa nyumba ya jirani yake, ambaye mtoto wake pia alikuwa mjini na alikuwa hajarudi miaka mingi, kiisha akaita kwa sauti kubwa, ili kijiji chote kisikie: «Anarudiaka! Anarudiaka, kuja kula!»